Trei Zilizokunjwa Zikiwa Moto

Mume wa dada yangu haamini kitu mpaka akikunje. Akinunua ndara mpya, anaikunja mpaka kisigino kikutane na ncha ya mbele. Akishika rula ya mtoto anaikunja pia, mwenye rula akiwa amesimama pembeni anapiga kelele. Kwenye karakana anakofanya kazi, ambako wanatengeneza vyombo vya plastiki inayooza ardhini, wanamwita Kunja, na walinzi wa getini hawana jina jingine kwa ajili yake. Nyumbani ni Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti wawili aliowapata kwa mkupuo mmoja baada ya kungoja sana. Mimi namwita shemeji. Kwa miaka mingi nilimjua kwa utani tu, yeye akinitania kwa kitambi changu na mimi nikimtania kwa vidole vyake visivyotulia. Kumjua hasa nilikuja kumjua katika wodi ya mifupa, siku ambazo hakuwa na pa kuuweka uso wake.

Nianze mbali kidogo. Shemeji alizaliwa katika shamba la mpira. Baba yake alikuwa mgema mpira: alfajiri anachanja magome ya miti, utomvu mweupe unadondoka vikombeni, na ule unaoganda mabonge unarundikwa nyuma ya nyumba ukingoja gari la kiwanda. Mabonge yale yananuka. Ni harufu kati ya maziwa yaliyolala na viatu vilivyolowa, na haisikii sabuni. Inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka chini ya kucha. Darasani watoto wa shamba walikaa karibu na madirisha, wala si kwa ajili ya mwanga. Shemeji alitoka pale akiwa kijana mwenye nia moja: asinuke tena maisha yake yote.

Alipokuja kwetu mara ya kwanza, dada alipotaka tumwone, alikuwa bado anapita shambani kumsaidia baba yake kubeba mabonge. Alikuwa ameoga, amejimwagia manukato, na kiatu kinang'aa. Lakini sebule yetu ilikuwa ndogo na siku ile kulikuwa na joto. Mjomba wetu, ambaye hajawahi kuzuia neno likishafika mdomoni, akanusa hewa.

"Nani kakanyaga kitu huko nje?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Dada akatazama dari. Kutoka jikoni tukasikia sauti ya mama, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Ni mbolea hiyo. Nimemwaga mbolea kwenye maua yangu asubuhi. Mnisamehe wageni."

Hatukuwa na maua. Tulikuwa na mkebe mmoja dirishani, wenye kitunguu kilichochipua kwa kusahauliwa. Mjomba akautazama ule mkebe, akautazama mlango wa jikoni, akajikohoza, na mazungumzo yakaendelea. Tangu siku ile, mbele ya mama, shemeji alikuwa mtu anayesimama wima zaidi ya wengine. Akija kwetu alitengeneza bawaba, alibadilisha balbu, alibeba maji bila kuombwa, na mama akimshukuru alitazama chini.

Mjini alipata kazi katika kiwanda cha mabeseni na vitana. Huko ndiko alikopata jina. Vitana vikitoka kwenye mashine, yeye alichukua kimoja katika kila rundo na kukikunja, na kama kilivunjika alisimamisha mashine, hata msimamizi akifoka namna gani. Wateja wakawa wanauliza, "Kunja amevipitia?" Akavimba kichwa kidogo kwa sifa hiyo, na nani asingevimba? Kiwanda kilipofungwa, mwenye ile karakana ya plastiki inayooza alimtafuta yeye kwanza.

Plastiki yenyewe inatokana na wanga wa mahindi. Inaletwa katika magunia ikiwa punje kama za mchele mnene, inayeyushwa, inasukumwa kwenye kalibu, inatoka kijiko, sahani au trei. Ukiifukia kwenye lundo la takataka lenye joto inageuka udongo. Sifa hiyo ni nzuri, ila ina kasoro moja kubwa: ni kavu. Ukiidondosha inapasuka kama kioo, na ukiikunja inakatika bila hata kukuonya. Kijiko cha kwanza shemeji alichokikunja pale kilimrukia shavuni, na wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Pale karakana kulikuwa na mwanamke mwenye elimu ya kemia, mpole, mfupi, wanamwita Dada Kemia. Ndiye aliyesema dawa ya ukavu ule ni mpira wa asili. Shemeji alimkatalia siku hiyo hiyo.

"Mpira? Huu wa kwenye miti?"

"Huo huo."

"Dada, nimekimbia mpira tangu utotoni, na wewe unaniletea ofisini!"

"Haujakukimbiza, umekufuata tu," Dada Kemia akasema. "Inaonekana unakupenda."

Akamweleza, na yeye baadaye akanieleza mimi, kwamba mpira ulivyo haupatani na plastiki ile. Ukivichanganya, vinatengana kama mafuta na maji, na chombo kinakuwa kibovu kuliko mwanzo. Kwa hiyo utomvu hupikwa kwanza na dawa zinazoubadilisha, ili upate kitu cha kuishika plastiki. Ukishabadilishwa hivyo, unaingia ndani ya plastiki na kukaa kama vitone vidogo visivyoonekana. Chombo kikipata kishindo, vile vitone vinavutika na kukimeza, na chombo hakipasuki. Shemeji alielewa haraka. Alisimamia mashine ya kuchanganyia miezi mingi, akikausha punje kwanza kwa sababu unyevu unaziharibu, akitia mpira kwa kipimo alichopewa. Mpira ule uliobadilishwa haukunuka kama mabonge ya shambani, lakini ulikuwa na harufu, na kila jioni shemeji alibadilisha shati kabla ya kupanda basi.

Kisha hospitali ikaomba trei za chakula za kujaribia katika wodi moja. Zikifaa, watachukua za hospitali nzima. Karakana yote ilishangilia. Sampuli za kwanza zilipelekwa, na muuguzi mkuu akarudisha jibu la maneno machache kupitia kwa dereva: trei ni imara, ila zinanuka mpira.

Dereva alilisema hilo kwa sauti, mbele ya watu, na akacheka. Hakuwa na nia mbaya. Shemeji alicheka naye. Lakini nadhani wakati ule alikuwa tena kwenye sebule yetu, anatazama viatu.

Dada Kemia siku hizo alikuwa anaingia likizo ya uzazi, tumbo limemtangulia mlangoni. Kabla ya kuondoka alimwachia shemeji maagizo mawili kwa mdomo, na akayarudia. La kwanza, kipimo cha mpira kisiguswe. Harufu atakuja kuishughulikia mwenyewe. La pili, trei zisikunjwe zikitoka mashineni. Ziwekwe rafuni, zikae wiki moja, mbili, ndipo zikunjwe.

"Zikae zifanye nini?" shemeji akauliza.

"Zikomae. Zikitoka kwenye kalibu bado laini, zinakudanganya. Zikikaa zinakakamaa."

"Kumbe trei nazo zinabalehe!"

Vijana wa mashine wakaangua kicheko. Dada Kemia akacheka pia, akishika tumbo. "Ndiyo, zinabalehe. Na zikibalehe zinakuwa na kiburi. Wewe zikunje zikishakuwa na kiburi."

Alipoondoka, shemeji akapunguza mpira. Akapunguza kidogo, akatoa trei, akaikunja ikiwa na joto bado: ikakunjika kama ngozi, ikarudi ilivyokuwa. Akapunguza tena. Ikakunjika. Kwa nini basi kuweka mpira mwingi, ikiwa mdogo unatosha? Trei zilitoka safi zaidi, rangi yake nzuri zaidi, hazikung'ang'ania kalibu, na ukizipeleka puani hakuna kitu. Akazinusa moja moja, akaridhika. Kuhusu kuziweka rafuni, alikumbuka, lakini hospitali ilikuwa inangoja. Na tangu lini Kunja akakunja kitu, na kitu hicho kikamdanganya?

Bosi alikuja kwenye mlango wa stoo zilipokuwa zinapakiwa. "Umezikunja?"

"Nimezikunja."

Bosi hakuuliza swali jingine.

Trei zilikuwa zimekaa wodini wiki kadhaa mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akalazwa katika wodi ileile, kitanda cha karibu na mlango, kwa kuwa mifupa ya mjini yote inatibiwa hapo. Dada alipoona trei, hakujizuia. Alizunguka vitanda vyote.

"Hizi ni za mume wangu hizi. Anazitengeneza yeye. Hii ukiitupa inageuka udongo, unapanda mchicha."

Kitanda cha jirani kilikuwa na mwanamke muuza mitumba, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na uzito kama pazia, na mdomo wake haukuwa na jeraha lolote. "Mwambie atengeneze na miguu basi," akasema. "Huu wangu nao uanze kuota mchicha."

Mama alicheka, akashika nyonga. Jioni ile shemeji alipokuja kuangalia mgonjwa, wodi nzima ilimpigia makofi. Alisimama katikati ya vitanda akiwa na chupa ya chai mkononi, anatabasamu kama bwana harusi. Mama akamwambia, "Mkwe wangu, kula kwenye kazi ya mikono yako kunanipa nguvu." Sijawahi kumwona shemeji mrefu kama alivyokuwa siku ile.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, naye shemeji alikuwa anaingia. Mama alikuwa ameegeshwa mito, trei mapajani, juu yake bakuli la supu na sahani ya wali. Alitaka kujisogeza. Akauweka mkono kwenye ukingo wa trei, akauegemea kidogo, kama mtu yeyote anavyoegemea kitu kilicho mbele yake. Trei ikasema *ta!* Ikakatika vipande viwili, safi, kama biskuti. Supu ikamwagikia shuka, gauni na bandeji. Namshukuru Mungu ilikuwa imepoa.

Sista wa wodi alikuja mbio. Mama alikuwa ameshamwona shemeji mlangoni. Niliona macho yao yalivyokutana. Kisha macho ya mama yakaondoka kwake, mkono wake ukavivuta vile vipande chini ya blanketi.

"Bibi! Nini tena?"

"Nimeiangusha, mwanangu. Imegonga chuma cha kitanda. Mikono hii, imekuwa ya mtoto."

"Si nilikwambia ukitaka kujisogeza upige kengele? Angalia sasa! Bandeji yote hii tuibadilishe!"

"Nisamehe. Uzee."

"Uzee kitu gani, ni ubishi! Mkishapona nusu, mnajifanya mmepona yote."

Mama, ambaye amelea watoto sita na kuwafokea wote, aliinamisha kichwa akagombezwa. Na shemeji alisimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo imebanwa. Nilidhani anaogopa kuona jeraha. Kisha akaiweka chupa ya chai sakafuni, taratibu, pale pale kizingitini, akageuka akaondoka.

"Baba Pacha ana nini?" dada akauliza alipokuja.

"Ameona damu," mama akasema haraka. Hapakuwa na damu.

Shemeji alikwenda moja kwa moja karakana. Kulikuwa na trei zilizobaki za mkupuo ule, juu ya rafu, nyuma ya magunia. Alichukua moja akaikunja. Ikakatika. Akachukua nyingine. Alizikunja zote, mmoja wa vijana aliniambia, na kila moja ilipokatika aliweka vipande chini kwa utaratibu, ncha kwa ncha, kama anayepanga vigae. Kisha akaenda kumwambia bosi ukweli wote: mpira aliopunguza, na rafu ambayo hakuingoja.

Bosi aliziba uso kwa viganja. Alipovitoa, alisema jambo ambalo si la mtu mbaya. "Usimwambie mtu kwanza. Tutatengeneza nyingine, za kipimo cha Dada Kemia, tutazibadilisha kimya kimya. Hakuna aliyeumia. Tukisema sasa, hospitali inatufungia mlango, na watu wote hawa wataenda wapi?"

Shemeji akakubali. Kwani angesema nini? Trei mpya zikaanza kutengenezwa, na safari hii ilibidi zikae rafuni. Kwa hiyo zile za zamani zikaendelea kutumika wodini.

Siku zile alikuja hospitali kila jioni, lakini hakuwa yeye. Alikaa pembeni ya kitanda, akamlisha mama kwa kijiko cha bati kutoka nyumbani, bakuli akalishika mwenyewe juu ya kiganja. Muuza mitumba alimtania, "Kunja, leo hukunji? Njoo basi unikunjie huu mguu." Akatabasamu upande mmoja tu. Wawili wale, yeye na mama, hawakulitaja jambo lile hata kwa kuzunguka. Mama alizungumzia mvua, wajukuu, bei ya vitunguu. Shemeji alijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama", na kila aliposema mama sauti ilipungua.

Nadhani angeweza kuvumilia hivyo mpaka trei zibadilishwe, jambo lizikwe. Kilichomshinda ni yule kijana wa mazoezi ya viungo.

Kijana huyo alipita wodini na kile chuma chenye miguu minne cha kujishikizia, akiwasimamisha waliopasuliwa nyonga, mmoja baada ya mwingine, hatua chache mpaka dirishani na kurudi. Mama alikuwa ameshachana nywele na kuvaa kanga safi, anangoja zamu yake tangu asubuhi. Kijana akaangalia karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akaendelea na kitanda kinachofuata.

"Na huyu?" mimi nikauliza.

"Bibi bado. Mikono haina nguvu, anaangusha vitu. Nikimpa hiki atadondoka, tuanze upya. Wiki ijayo tutaangalia, labda."

"Sawa, mwanangu," mama akasema. Akaanza kufungua ile kanga fundo lake, polepole, kama mtu aliyerudishwa kutoka safarini.

Wote tunajua yanayompata mzee akilala kitandani muda mrefu. Shemeji alijua pia. Alikuwa ameshika bakuli. Akaliweka juu ya kabati.

"Hakuangusha," akasema.

Kijana wa mazoezi akageuka. "Nini?"

"Mama hakuangusha kitu. Trei ndiyo mbovu. Nimeitengeneza mimi."

"Baba Pacha," dada akasema kwa onyo.

"Nyamaza kidogo, mama watoto. Sista! Sista, naomba uje."

Sista akaja, mikono kiunoni. Shemeji akaenda kwenye toroli ya vyombo, akachukua trei moja, iliyooshwa, nzuri, haina harufu. Akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, namna ile ile aliyovishika vitana na rula na ndara za dunia nzima, akaikunja. Hakutumia nguvu. Ikakatika kwa mlio uleule, kipande kikaruka mpaka chini ya kitanda cha muuza mitumba.

Muuza mitumba akainua kichwa mtoni, akasema, "Mama yangu! Na mimi asubuhi nimeegemea hiyo hiyo nikinyoosha mgongo!"

"Zote ni hivyo," shemeji akasema. "Nilizikunja zikiwa moto, na nikapunguza kitu cha kuzifanya imara. Niliambiwa nisifanye hivyo, nikafanya. Mama aliegemea tu. Mikono yake mizima."

Sista alimtazama. Hakupandisha sauti, na nadhani ingekuwa nafuu kama angeipandisha. "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni."

"Ndiyo."

"Nikamgombeza bibi wa watu, wewe unasikia."

Shemeji alikuwa ameshika nusu ya trei, kidole gumba kinapapasa ule mkato, huku na huku.

Nilidhani mama atalia, au atamshika mkono. Nilikuwa simjui mama yangu. Alikuwa amekaa wima juu ya mito, macho yanawaka.

"Nani amekutuma?" akamuuliza.

"Hakuna, mama."

"Mimi nilishasema nimeiangusha. Nilishalimaliza. Sasa umesimama hapa umenifanya mwongo mbele ya watoto hawa wote, mtu wa umri wangu!"

"Nisamehe, mama."

"Basi! Toka, unanitia aibu."

Akageuza uso ukutani. Shemeji alitoka. Lakini hakwenda nyumbani. Aliomba sanduku jikoni kwa wapishi, akarudi, akapita kitanda kwa kitanda akikusanya trei zake. Wengine walikuwa bado wanakula. Alingoja wamalize, akihamishia bakuli zao kwenye kabati, akisema "samahani" kwa kila mmoja. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja kwenye upande wa wanaume, ambaye hakuwa amesikia lolote, alimshukuru sana kwa kazi nzuri ya kuosha vyombo.

Kijana wa mazoezi alibaki kando ya kitanda cha mama, hajui aondoke au akae. Mwishowe akanyoosha mkono. "Bibi, hebu nibane vidole. Kwa nguvu zako zote."

Mama, bado anatazama ukuta, akaupokea mkono ule akaubana.

"Aa! Bibi! Taratibu, ninavitumia hivyo!"

Muuza mitumba alicheka mpaka kamba zake zikayumba. Alasiri ile mama alisimama. Alikwenda mpaka dirishani na kurudi, na njiani akauliza kwa sauti ya hasira, "Ameondoka?" Nikamwambia yuko upande wa wanaume anakusanya trei.

Hospitali ilisimamisha majaribio. Bosi hakumfukuza kazi. Alimwambia, "Nilikuomba ukae kimya," kisha akasema, "lakini hata mimi nisingemwacha mama mkwe wangu abebe lawama yangu," kisha akatoka nje kuvuta hewa, na hawakulizungumza tena. Dada Kemia alikuja karakana na mtoto mchanga kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, wala hakumwambia 'nilikwambia'.

"Punje ulizikausha?" akauliza.

"Nilizikausha."

"Basi hilo nakushukuru," akasema, akaenda kwenye mashine.

Trei mpya zilitengenezwa kwa kipimo kamili, zikapangwa rafuni. Shemeji alipita mbele yake kila siku bila kuzigusa. Wakati huo wenzake walipomwita Kunja alichelewa kuitika, kama mtu anayeitwa kwa jina la ndugu yake. Hospitali wamesema watazitazama tena, hawajasema lini.

Mama alipotoka hospitali alipelekwa kwa dada, kwa kuwa nyumba yao haina ngazi. Mwanzoni yeye na shemeji waliishi kama wapangaji wawili. Habari ya asubuhi, mama. Nzuri. Shemeji alimtengenezea kishikizo ukutani bafuni, mama akakitumia bila kukisifu. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na trei moja ya zile mpya, shemeji ameileta, ameiacha pale. Dada aliwahi kutaka kupakulia chakula akaambiwa aache, bado.

Jumapili moja nilikuwa nimekwenda kuwaona. Mama alikuwa mezani, gongo lake la kutembelea limeegemea kiti. Akainyooshea trei kidole.

"Hiyo ina harufu," akasema.

Shemeji akaacha kutafuna. "Ndiyo, mama. Ni mpira."

"Naijua. Nimeisikia zamani." Akanywa chai. "Imekaa muda gani hapo?"

"Tangu kabla hujatoka hospitali, mama."

"Basi ilete uikunje."

"Mama, si lazima…"

"Baba Pacha. Ikunje."

Aliichukua. Akaikunja kidogo, akasita, akaendelea. Trei ikapinda, ikapinda zaidi, pembe zikakaribiana. Haikuvunjika. Pale kwenye mkunjo tu pakatokea mstari mweupe, kama kovu. Alipoiachia ilirudi, karibu ilivyokuwa, ule weupe ukabaki.

Mama akaipokea, akaupitisha ukucha juu ya mstari. "Mbona imepauka hapa?"

"Ndivyo inavyofanya ikibeba uzito, mama. Badala ya kukatika."

Mama akamtazama, mara ya kwanza kwa muda mrefu kumtazama usoni.

"Na wewe siku ile mlangoni ulipauka hivi hivi," akasema.

Shemeji akainamisha kichwa. Mama akaisukuma trei kuelekea kwa dada, akamwambia apakue, watu wana njaa. Shemeji alikula, macho kwenye sahani. Tulipomaliza aliichukua ile trei yeye mwenyewe, akaenda kuiosha, na tulimsikia huko jikoni maji yanatiririka muda mrefu kuliko trei moja inavyohitaji.